Mtoto, Plau na Trekta: Historia Fupi kwa Akina Mama na Walezi

Najua wengine mko jikoni, wengine mnachambua ndengu uani, na wengine mmembeba mtoto mgongoni huku mkitega sikio. Endeleeni na kazi zenu. Leo hatutazungumzia malaria wala chanjo. Leo tutazungumzia trekta.

Wapo watakaosema trekta ni jambo la wanaume na la maofisa wa kilimo. Mimi nakuuliza, mama: trekta linapogeuka uani kwako, ni nani anayemshika mtoto? Mashine ya kupukuchua mahindi inapofika, ni nani anayesimama mbele yake kuilisha magunzi mchana kutwa? Na mtoto akiumia, ni nani atakayelala naye wodini? Basi jambo hili ni lako. Ili tulielewe vizuri, inafaa turudi nyuma kidogo, tuone mashine hizi zilikujaje kwetu, na ni kitu gani kilichoachwa njiani zilipokuwa zikija.

Hapa Machakos, kabla ya trekta tulizoea ng'ombe. Wakulima wa Ukambani walianza kutumia plau ya kukokotwa na maksai mapema kuliko watu wa sehemu nyingi za Kenya, tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20, na hata leo ukipita Mwala, Yatta au Masinga wakati wa mvua za Oktoba utaziona jozi za maksai zikilima. Ng'ombe hakuwa mali tu, alikuwa maisha. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kuwakamata ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikisema ni wengi mno na wanaharibu ardhi, maelfu ya watu wetu walifunga safari hadi Nairobi kulalamika. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Barabara iliyopewa jina lake iko katikati ya jiji la Nairobi hadi leo.

Sasa kumbuka jinsi plau ya ng'ombe inavyofanya kazi. Mtu mzima hushika mikono ya plau nyuma, na mara nyingi mtoto hutangulia mbele akiwaongoza maksai wasipotee mfereji. Mtoto wa miaka 8 au 9 alikuwa sehemu ya kazi hiyo. Wadogo zake walifuata nyuma wakiokota viazi vilivyosahaulika na wadudu wa kuwapa kuku. Hatari ilikuwepo, maana ng'ombe hupiga pembe na hukanyaga mguu. Lakini ng'ombe anasikia. Ukimwita jina lake anasimama. Akimwona mtoto ameanguka mbele yake, mara nyingi atasita mwenyewe. Hutembea kwa mwendo wa mtu, na jioni huchoka kama mtu.

Kizazi baada ya kizazi, mama wa Machakos alijifunza kwamba mtoto kuwa karibu na plau si jambo la kutisha. Mazoea hayo hayakuwa mabaya. Yalifaa kwa mnyama. Shida ilianza pale mnyama alipoondoka, mashine ikachukua nafasi yake, na mtoto akabaki palepale alipokuwa.

Mashine za kwanza kubwa kuonekana katika nchi yetu zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi na ya mkonge, yakiwemo yale ya upande wa Ol Donyo Sabuk na Thika. Mkulima mdogo wa milimani aliziona kwa mbali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilileta mashine nzito za kuchimba mabwawa na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu wengi hawakuzipokea kwa furaha. Katika historia ya hifadhi ya udongo ya Machakos imeandikwa kwamba huko Matungulu baadhi ya watu walilala chini mbele ya matrekta, kwa hofu kwamba shamba likishatengenezwa na mashine ya serikali litahesabiwa kuwa la serikali. Hatimaye sehemu kubwa ya matuta yetu haikuchimbwa na mashine. Ilichimbwa kwa jembe na sururu, na vikundi vya mwethya ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Yale matuta ya kurusha udongo upande wa juu, tunayoyaita fanya juu, leo yanajulikana kwa jina hilohilo la Kiswahili hata kwa wataalamu wa udongo wa nchi za mbali.

Nimeyataja matuta kwa sababu nyingine pia. Matuta yaliyochimbwa na bibi zetu yaliokoa udongo, lakini hayakupimwa kwa ajili ya gurudumu la trekta. Gurudumu moja likishuka kwenye ukingo wa tuta, trekta linalala ubavu. Kwa hiyo milima ya Iveti, Mua na Kangundo si mahali pa kila trekta, hata dereva akijisifu namna gani.

Jirani zetu wa Tanganyika nao walikuwa na hadithi yao. Kuanzia mwaka 1947, Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walinunua mashine zilizobaki kutoka vitani, na hata baadhi ya vifaru wakavigeuza kuwa matrekta. Mradi huo ulimeza zaidi ya pauni milioni 30, na mwanzoni mwa 1951 ukaachwa. Watu hupenda kucheka hadithi hiyo kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mimi huniambia jambo lingine: mashine ilitangulia, na maarifa ya kuishi nayo yakatakiwa kufuata baadaye.

Hali ilikuwa hivyo hata huko trekta lilikozaliwa. Mwaka 1917 kiwanda cha Henry Ford nchini Marekani kilianza kutengeneza trekta la bei nafuu lililoitwa Fordson. Wakulima wadogo walilikimbilia. Lilikuwa na kasoro moja kubwa. Plau iliponasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yalishindwa kusonga, lakini injini haikukubali kushindwa. Basi nguvu ile ikainua pua ya trekta juu, na likapinduka kinyumenyume juu ya dereva wake. Madereva wengi walikufa hivyo katika miaka ya 1920.

Usidhani hiyo ni habari ya zamani. Jambo hilohilo hutokea leo mtu anapofunga mnyororo mahali pa juu nyuma ya trekta ili ang'oe kisiki. Kuanzia pua inapoinuka hadi trekta linapomlalia dereva, huwa ni kama sekunde moja na nusu. Hakuna mtu anayeruka kwa muda huo, sembuse aliyempakata mtoto.

Mtu aliyetafuta dawa ya tatizo hilo alikuwa fundi wa Ireland aliyeitwa Harry Ferguson. Alibuni namna ya kuifunga plau kwenye trekta kwa vyuma vitatu, viwili chini na kimoja juu, ili plau ikinasa, nguvu ile iikandamize pua ya trekta chini badala ya kuinyanyua. Mwaka 1946 trekta lake dogo la rangi ya kijivu lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, na likauzwa sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na kutoka hapo ndipo likaja jina Massey Ferguson ambalo kila mtoto wa shamba Kenya analijua. Ile modeli ya 135, iliyotoka mwaka 1964, ingali inalima katika vijiji vyetu, ikiwa na umri mkubwa kuliko wengi wa madereva wanaoiendesha. Vyuma vitatu vya Ferguson viliokoa maisha ya madereva wengi. Lakini vinasaidia tu pale kifaa kinapofungwa kwenye vyuma hivyo. Mnyororo uliofungwa mahali pa juu haujui habari za Ferguson.

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu akina mama zaidi. Karibu mwaka 1918, kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye chuma cha kuzunguka kilichotokeza nyuma, ili nguvu ya injini iweze kuendesha mashine nyingine. Madereva wetu wanakiita PTO, wengine wanasema shafti tu. Chuma hicho ndicho kinachoendesha mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukata majani ya ng'ombe, ya kufunga nyasi na pampu ya maji. Ni uvumbuzi wenye manufaa makubwa, na ni mkatili.

Hebu tupige hesabu pamoja. Shafti ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko 9 kwa kila sekunde. Shafti yenye unene wa chupa ya soda huvuta karibu sentimita 20 za kitambaa kila inapozunguka mara moja. Kwa sekunde moja, basi, imevuta karibu mita 2. Leso yako ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kabla hujamaliza kutamka neno "uwi", leso yote imekwisha, na anayefuata ni aliyejifunga hiyo leso.

Wengine husema, "Lakini hicho chuma ni laini, kitashikaje nguo?" Kikiwa kipya kinafunikwa na bomba la plastiki lisilozunguka, na ncha zake zina kofia. Bomba hilo likivunjika, mara nyingi halirudishwi, kwa maana linachelewesha kupaka grisi. Pini ya kiwandani ikikatika, inawekwa bolti ndefu au msumari mnene. Ncha ya msumari huo ndiyo inayodaka uzi wa sweta, ukingo wa rinda, ncha ya rasta, au leso. Hata bila msumari, nguo yenye unyevu au yenye nyuzi zinazoning'inia hujizungusha yenyewe.

Nchi zilizotangulia kupata matrekta zilizika watu wengi kabla ya kuweka sheria. Uingereza ilipitisha sheria ya usalama na afya ya wafanyakazi wa mashambani mwaka 1956, na mwaka uliofuata zikatoka kanuni za kufunika ile shafti. Mwaka 1958 zikatoka kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya watoto peke yao: mtoto aliye chini ya miaka 13 asipande trekta wala baadhi ya mashine za shambani. Nawaomba mwone uzito wa jambo hilo. Wabunge na mawaziri hawaandiki sheria juu ya mtoto kupanda trekta kwa sababu wamekosa kazi. Wanaiandika kwa sababu watoto wamekuwa wakianguka kutoka kwenye kile kibati kilicho juu ya gurudumu, wakipitiwa na gurudumu lilelile, na mara nyingi anayeendesha ni baba yao mwenyewe.

Nchini Sweden, mwaka 1959 iliamuliwa kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ngumu ya chuma juu ya dereva, ili likipinduka lisimponde. Miaka ilivyosonga na matrekta mapya yakaenea, vifo vya kupondwa huko vilipungua hadi karibu kwisha. Wakulima wa kule hawakuwa wajanja kuliko wa hapa. Chuma tu kiliongezwa mahali palipohitajika.

Kwetu je? Mwaka huo wa 1958 Kenya ilikuwa bado koloni. Sheria ya viwanda ya mwaka 1951 iliyotumika hapa iliandikwa kwa ajili ya viwanda, na familia iliyokodi trekta kwa siku moja haikuwa ndani ya fikra za walioiandika. Ndipo mwaka 2007 tukapata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo inagusa kila mahali ambapo watu wanafanya kazi na inadai sehemu za mashine zinazozunguka zifunikwe. Sheria ni nzuri. Lakini mkaguzi hawezi kufika kila uani Kathiani na Kalama siku mahindi yanapopukuchuliwa. Siku hiyo mkaguzi ni wewe.

Baada ya uhuru, matrekta yaliongezeka. Serikali ilianzisha huduma za kukodisha, vyama vya ushirika vilinunua, na watu binafsi wakaleta mengine, mengi yakiwa yametumika tayari. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, serikali ya kaunti ya Machakos chini ya gavana wake wa kwanza, Dk. Alfred Mutua, ilinunua matrekta na kuwalimia wakulima bila malipo. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza trekta kuingia katika shamba lao wenyewe. Lilikuwa jambo la furaha. Watoto walikimbia kulishangilia, kama ambavyo wangekimbia kushangilia arusi.

Na hapo ndipo historia mbili zilipokutana. Mashine ilikuja, lakini mara nyingi bila vile vitu vilivyoongezwa kwa gharama ya maisha ya watu wengine. Fremu ya juu imekatwa kwa sababu inagonga matawi ya miembe. Bomba la shafti halipo. Breki ya upande mmoja inashika, ya upande mwingine haishiki. Swichi imekufa, kwa hiyo tanboi anasimama chini, kando ya gurudumu, na kuliwasha trekta kwa kugusanisha bisibisi kwenye stata. Ikiwa gea imesahaulika ndani, trekta linaruka mbele na yeye yuko njiani. Kwa upande wetu, sisi tulikuwa na mazoea ya ng'ombe: mtoto atangulie mbele, mwingine afuate nyuma akiokota viazi, mdogo zaidi akae kwenye kivuli kando ya shamba.

Kivuli chenyewe siku hiyo huwa ni cha trekta. Hilo ndilo linaloniumiza. Trekta likisimama wakati wa chakula cha mchana, mtoto mdogo hupenda kwenda kukaa chini yake au kuegemea gurudumu la nyuma, kwa sababu ndipo penye ubaridi. Dereva aliyekaa juu haoni chini ya gurudumu lile. Injini ikiwaka hasikii mtoto akilia, wala hakusikii wewe unayepiga kelele kutoka jikoni. Kwa hiyo, kabla trekta halijawashwa tena, hesabu watoto kwa macho yako, mmoja mmoja, halafu umpungie dereva mkono. Usiseme "wako hapa hapa tu". Mwambie dereva mapema, kwa heshima, "Mwanangu, usiwashe mpaka unione nimekupungia mkono." Dereva mzuri hatakasirika. Akikasirika, umemjua.

Na ile desturi ya kumpandisha mtoto juu azunguke shamba mara moja ili afurahi, iachwe. Trekta lina kiti kimoja kwa sababu lilitengenezwa kwa mtu mmoja. Trela nalo lilitengenezwa kubeba mbolea, mchanga na mitungi ya maji. Vijana wanaodandia nyuma yake kwenye mteremko, au kukaa kwenye kile chuma kinachounganisha trekta na trela, wakiteleza wanaanguka mbele ya gurudumu. Hawaangukii kando.

Tuje kwenye mashine ya kupukuchua, maana hapo ndipo wanawake huumia. Katika sehemu zetu, mahindi ya mvua za Oktoba hupukuchuliwa kati ya Februari na Machi, na yale ya mvua ndefu kati ya Julai na Agosti. Likizo ya shule ya Agosti huangukia wakati huohuo, kwa hiyo nyumba imejaa watoto. Trekta huja likivuta mashine kutoka boma hadi boma. Mwenye mashine analipwa kwa gunia, hivyo ana haraka. Vumbi na makapi yanafunika macho. Kelele ni nyingi mpaka watu wanazungumza kwa ishara. Mama anasimama karibu akimimina magunzi, mtoto yuko mgongoni, amefungwa kwa leso ile ile tuliyoipigia hesabu.

Mama, mtoto wa mgongoni asifike hapo kabisa. Kama hakuna wa kumwachia, wewe ndiye usilishe mashine siku hiyo. Kusanya magunzi mbali, au pika. Sijali gunia ngapi zimebaki. Atakayelisha mashine avue leso, afunge nywele ndani ya kitambaa kilichobana, avae suruali au sketi iliyobana, na aondoe sweta lenye nyuzi. Watu wengine watakucheka kwa kuvaa suruali ya mume wako. Wacha wacheke.

Usiruke juu ya shafti kwa kufupisha njia, hata kama kila mtu anaruka. Zunguka mbele ya trekta. Mashine ikikwama, usiingize mkono wala kijiti kabla injini haijazimwa kabisa na shafti haijasimama, maana huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kukatwa. Watoto wakae upande wa pili wa ua, au ndani ya nyumba na mtu mzima asiye na kazi nyingine siku hiyo isipokuwa wao. Nyanya anaweza kazi hiyo vizuri, mradi asipewe pia kazi ya kupika chai ya watu 10.

Kabla ya kazi kuanza, muulize dereva jambo moja: "Hili trekta linazimwaje?" Usione haya. Matrekta mengi ya zamani ya dizeli hayazimiki kwa kugeuza ufunguo. Kuna kitufe cha kuvuta, au mkono mdogo wa chuma karibu na usukani. Mwambie akuonyeshe, na uushike mwenyewe mara moja. Dereva anaweza kuwa ndiye aliyenaswa, na hapo anayejua kuzima ndiye atakayemwokoa.

Ajali ikitokea, zima injini kwanza, kabla hujamgusa aliyeumia. Usiruhusu mtu yeyote awashe trekta ili kuirudisha shafti nyuma. Kata nguo kwa kisu. Damu ikitoka, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na uendelee kukandamiza, bila kuinua kila mara ili uangalie. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka na haikubali kusimama, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya kidonda, na ukumbuke ulifunga saa ngapi ili umweleze daktari. Kidole au sehemu iliyokatika isitupwe. Ifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, itie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha uweke mfuko huo kwenye maji baridi au barafu. Barafu isiguse nyama yenyewe.

Mtoto aliyepitiwa na gurudumu anaweza kusimama na kusema haumwi. Mpeleke hospitali hata hivyo, siku hiyohiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa inavuja tumboni bila kuonekana. Asibebwe kwa kukalishwa kwenye bodaboda. Mlaze juu ya ubao au mlango ulionyooka, kichwa na shingo visitikisike, mtafute gari. Waulize juu ya sindano ya pepopunda, maana kidonda kilichoguswa na udongo wa shamba ni mlango wa ugonjwa huo.

Mbali na magurudumu, trekta huja na dizeli, na dizeli huwekwa katika chupa za soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwa kuwa ikipanda tena inaweza kuingia mapafuni. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta. Mwende hospitali mkiwa na ile chupa, hata kama anakohoa kidogo tu. Mtoto akiunguzwa na maji ya rejeta, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta ya kupikia.

Namba za dharura za Kenya ni 999 na 112. Ziandike ukutani karibu na mlango, pamoja na namba ya jirani mwenye gari, na uhakikishe mtoto wako mkubwa anajua zilipo. Wiki ijayo, wakati huu huu, tutazungumza juu ya vumbi la mahindi na kifua cha mtoto.